Kabla ya kununua rimu za kaboni, fikiria mteremko

Swali: "Habari yako fundi. Naishi Nakuru, uzani wangu ni kilo 79. Nina baiskeli ya mbio ya breki za rimu, gia 11 za Shimano, na magurudumu ya alumini iliyokuja nayo. Wikendi huwa naenda Njoro na Molo, au Subukia. Mara moja moja tunashuka na wenzangu kutoka Iten hadi bonde la Kerio, au Kericho hadi Kisumu. Sasa nataka magurudumu ya kaboni ya klincha, yaani yanayovaa tairi la kawaida lenye tyubu, linaloshikwa na kingo za rimu. Kuna jamaa Eldoret anauza jozi iliyotumika, kina cha rimu milimita 50, haina jina la kampuni. Naweza pia kuagiza mpya za milimita 38. Nichukue zipi? Na je, ni kweli kwamba kaboni hupasuka mtu akishuka mlima?"

Ndugu yangu, zile za Eldoret achana nazo. Za milimita 38 unaweza kuagiza, lakini kwa masharti nitakayokupa. Na magurudumu yako ya alumini usiyauze hata ukipata mnunuzi mzuri, kwa sababu siku ya Iten na siku ya mvua ya Kericho utayataka.

Kuhusu kupasuka: ndiyo, hutokea, na si uvumi wa wauza breki za diski. Lakini hutokea kwa sababu inayoeleweka, na ukiielewa utajua kuchagua bila kudanganywa na stika.

Baiskeli yenye breki za diski hupeleka joto kwenye kisahani cha chuma kilicho mbali na tairi. Yako hupeleka joto kwenye rimu ileile inayolishika tairi. Mipira ya breki ikibana, mwendo wako wote unageuka joto kwenye ukanda mwembamba wa pembeni mwa rimu. Rimu ya alumini hulisambaza joto hilo upesi hadi kwenye mwili wote wa rimu, na upepo unalichukua. Kaboni haifanyi hivyo. Kupitia unene wa ukuta wake, joto hupita kwa shida zaidi ya mara mia moja kuliko kwenye alumini. Kwa hiyo linabaki palepale lilipozaliwa, juu ya ukanda wa breki, na hapo ndipo nyuzijoto hupanda ghafla.

Nyuzi za kaboni zenyewe haziogopi joto hilo. Inayoogopa ni resini, ile gundi inayozishikanisha. Kila resini ina kiwango chake cha joto ambacho ikikipita huacha kuwa ngumu na kuanza kulegea. Wakati huo tairi la klincha, likiwa na presha ya psi 90 au 100, linasukuma kuta za rimu kwenda nje bila kupumzika. Ukuta ukilegea, unavimba. Kwanza utasikia breki inashika na kuachia kila gurudumu linapozunguka, kwa sababu pale palipovimba panagonga mipira. Ukiendelea, ukingo unaolishika tairi unafunguka na tyubu inalipuka. Tairi la tubula limeshonwa likajifunga lenyewe na kugundishwa juu ya rimu, halizisukumi kuta namna hiyo. Ndiyo maana waendeshaji wa mbio walizoea kaboni kwenye tubula miaka mingi kabla ya klincha za kaboni kuaminika.

Sasa tuhesabu kidogo, maana hapa ndipo watu wengi hukosea. Wewe, baiskeli, chupa za maji na vifaa vyako mtafika kilo 90 hivi. Chukua mteremko wa asilimia 8, kama zile kona za Tambach chini ya Iten. Ukishuka kwa kilomita 60 kwa saa, mlima unakupa nguvu ya karibu wati 1,170. Upepo unaokupiga kifuani unakula zaidi ya wati 800, msuguano wa matairi unakula kama 70, na breki zinabaki na chini ya wati 300. Ukishuka mteremko uleule ukiwa umebana breki muda wote ili usizidi kilomita 30, mlima unakupa wati 590 hivi, lakini upepo unachukua takriban 100 tu. Breki zinabaki na wati 450, na kwa muda mara mbili, kwa kuwa unakwenda nusu ya mwendo. Kwa kila kilomita, anayeshuka polepole akiburuta breki anaingiza kwenye rimu joto mara tatu ya yule anayekwenda kasi, na tena ana upepo mchache wa kuipoza.

Madereva wa malori wanaoshuka kutoka Sachang'wan hadi Salgaa wanalijua jambo hili kwa uchungu: si kasi peke yake inayochoma breki, ni kuzikanyaga mfululizo kilomita baada ya kilomita. Wanaounguza rimu za kaboni mara nyingi si wale hodari wa kushuka. Ni mwenye hofu, au aliyekwama nyuma ya lori kwenye kona asiweze kupita.

Kwa hiyo hesabu ya kwanza kabisa ni ya barabara zako, kabla hata ya kilo zako. Nakuru hadi Njoro na Molo ni kupanda na kushuka kwa upole, rimu yoyote nzuri ya kaboni itakuvumilia. Subukia pana ukingo wa bonde wenye kona, hapo uwe macho. Kutoka Iten, iliyo kwenye mita 2,400 hivi, hadi chini ya bonde la Kerio unashuka zaidi ya mita 1,000, na sehemu kubwa ni kona, ng'ombe, mbuzi na matatu yanayosimama bila ishara. Hutaweza kuacha breki na kujiachia hata ungetaka. Huo ndio mteremko mbaya kuliko yote kwa klincha za kaboni katika upande wetu wa nchi. Hewa ya huko juu nayo ni nyepesi, pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa, kwa hiyo upepo haukusaidii sana kupunguza mwendo na breki zinabebeshwa kazi iliyobaki.

Kericho hadi Ahero tatizo si joto tu, ni maji. Mvua ya alasiri ya Kericho unaijua. Kaboni ikilowa, ukibana breki hakuna kinachotokea kwa mzunguko mmoja au miwili wa gurudumu, kisha inashika ghafla. Alumini ikilowa nayo hupungua, lakini inashika mapema na kwa utaratibu. Kampuni kubwa zimejitahidi kupunguza kasoro hii kwa kuchora mistari au kukwangua uso wa ukanda wa breki ili maji yapate pa kwenda, kama Zipp kwenye rimu za NSW na Campagnolo kwenye Bora zenye mchoro wa AC3. Zinasaidia sana. Lakini rimu laini inayong'aa, isiyo na matibabu yoyote ya uso, kwenye mvua ya Kapsoit ukiwa nyuma ya tangi la mafuta, mimi singemshauri mtu yeyote.

Nirudi kwa zile za Eldoret. Rimu isiyo na jina si lazima iwe mbovu. Viwanda vingi vya China hutengeneza rimu nzuri na kuziuza bila stika. Shida ni kwamba hujui resini yake inahimili joto kiasi gani, hujui ilishuka wapi na nani, na ikivimba hakuna wa kumdai. Stika nayo si cheti. Kuna rimu zinazobandikwa majina makubwa ambayo hazikuwahi kuyajua. Ikiwa bado moyo unakuvuta kuziona, nenda na vernia, kile kipimo cha milimita cha mafundi, na upime upana wa rimu kwenye ukanda wa breki, sehemu nane au kumi kuzunguka gurudumu. Tofauti ya nusu milimita inatosha kukuambia kwamba ilishapata joto. Pitisha kidole taratibu juu ya ukanda ukiwa umefumba macho; kidole huhisi uvimbe ambao jicho halioni. Tazama kama kuna sehemu iliyobadilika rangi kuwa nyeupe au iliyong'aa tofauti na nyingine. Angalia matundu ya spoki kwa nyufa ndogo. Angalia pia kama uso umelika hadi nyuzi zinaonekana, kwa sababu ukuta uliopungua unene ni dhaifu hata kabla ya joto. Muuzaji akikukataza kutoa tairi ili uone ukingo wa ndani, mazungumzo yameisha.

Vya namna hii utaviona vingi sokoni miaka hii. Tangu UCI, shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli, iliporuhusu rasmi breki za diski katika mbio za barabarani mwezi Julai 2018, wengi wamehama na kuuza magurudumu yao ya zamani kwa bei ya kutupa. Baadhi ni mali safi kabisa. Jozi iliyotembea kilomita hamsini tu barabarani na jozi iliyoshuka milima ya Ulaya kwa misimu mitano zinafanana kwenye picha.

Kwa zile mpya za milimita 38, muulize muuzaji maswali haya kwa maandishi. Je, resini ya ukanda wa breki ni ya joto la juu, na nyuzijoto ngapi? Rimu za leo za kuaminika hutajwa kuwa na resini inayohimili joto linalozidi nyuzi 200 za Selsiasi. Akikujibu kwa maneno ya sifa bila namba, endelea na safari. Je, mipira ya breki inayopendekezwa ni ipi, na inakuja ndani ya boksi? Uzani wa juu wa mwendeshaji ni kilo ngapi? Dhamana inagusa uharibifu wa joto, au wameutoa? Hilo la mwisho wengi hulificha kwenye maandishi madogo. Kampuni inayoziamini rimu zake huandika wazi.

Kisha upana. Rimu za kisasa za breki za rimu huwa na milimita 17 hadi 21 kwa ndani na 25 hadi 28 kwa nje. Kalipa za zamani, ile mikono ya breki inayobana rimu, zilitengenezwa kwa rimu nyembamba, na ukiweka ya milimita 28 unaweza kukuta mipira haipati nafasi hata ukifungua kabisa. Pima uwazi wa kalipa zako kabla ya kutuma pesa. Pima pia nafasi kwenye foku na nyuma ya mlingoti wa kiti, kwa sababu tairi lililoandikwa 25 likivaa rimu ya ndani ya milimita 19 hutanuka hadi kama 27. Kwa barabara zetu ningependa uvae tairi la 28 ikiwa fremu inaruhusu. Tairi pana linahitaji presha ndogo, na presha ndogo ni msukumo mdogo kwenye kuta za rimu joto linapopanda. Kwa kilo zako, 28 kwa psi 75 hadi 80 yatosha. 25 kwa psi 85 hadi 90. Usijaze hadi namba ya juu iliyoandikwa kwenye rimu. Hewa ndani ya tyubu nayo hupanda ikipata joto: psi 100 uliyoijaza asubuhi kwa nyuzi 25 itakuwa kama 113 hewa hiyo ikifika nyuzi 60.

Tyubu iwe ya butili ya kawaida. Tyubu za lateksi ni tamu kuendeshea, lakini watengenezaji wengi wa klincha za kaboni wanazikataza kwa breki za rimu kwa sababu hazivumilii joto. Zile nyembamba za plastiki zilizoingia siku hizi usome boksi kwanza. Baadhi zimeandikwa wazi kuwa ni za diski tu. Na kumbuka vali: kwa rimu ya 38, vali ya milimita 60 ndiyo ya kununua. Ukipata pancha Mogotio na tyubu ya vali fupi mkobani, utatembea.

Mipira ya breki ndiyo kitu kidogo kinachoharibu magurudumu mengi kuliko vyote. Kaboni inataka mipira yake: SwissStop Black Prince, ile ya kaboni ya Shimano, au ile aliyoitaja mtengenezaji wa rimu. Ile nyeusi ya kawaida ya alumini huzidisha joto kwenye kaboni na kuikwangua. Baya zaidi, mipira iliyotumika kwenye alumini hubaki na vipande vidogo vya chuma ndani yake, na ukiihamishia kwenye kaboni inachora mifereji kwenye ukanda kama msasa. Kwa hiyo nunua vishikio vya mipira vya ziada, uwe na seti mbili zilizowekwa alama, moja ya kila jozi ya magurudumu. Ukibadilisha magurudumu, badilisha mipira papo hapo. Hakuna njia ya mkato hapo.

Na ukishaanza kushuka, usiburute breki. Acha baiskeli iende kwenye sehemu iliyonyooka, inuka ukae wima kifua kikamate upepo, kisha kabla ya kona bana kwa nguvu kwa muda mfupi na uachie kabisa. Tumia breki zote mbili, joto ligawanyike. Ukiona umebana kwa muda mrefu bila kuachia, simama pembeni dakika chache, hata kama wenzako wanakuita. Ukisikia harufu ya kuungua au breki inaanza kugongagonga, safari ya siku hiyo imegeuka: shuka, tembea, au omba lifti.

Kuhusu kina na uzani sitakuchelewesha. Milimita 50 za Eldoret zingekupa faida kidogo ya upepo ukiwa peke yako kwa kilomita 40 kwa saa. Lakini nguvu ya upepo hupanda kwa mchemraba wa mwendo, kwa hiyo ukienda kilomita 30 faida hiyo inashuka chini ya nusu. Na kati ya Gilgil na Nakuru, lori linapokupita kwa kasi, gurudumu la mbele lenye kina linasukumwa kando kisha linavutwa kuelekea lori. Mikono inachoka kabla ya miguu. Milimita 35 hadi 40 mbele ni kipimo cha busara kwa barabara kuu yetu. Gramu nazo zinasifiwa kupita kiasi. Ukipunguza gramu 300 kutoka kilo 90, kwenye kupanda kwa saa nzima utaokoa sekunde kama 12. Tairi zuri litakupa zaidi ya hapo.

Uliza pia habu, yaani kitovu cha gurudumu. Ya nyuma iwe ya milimita 130 na ya mbele 100, ekseli za kufunga kwa mkono, zenye mwili wa kaseti (meno ya gia za nyuma) wa Shimano wa gia 11. Hizo hizo hupokea kaseti za Shimano za barabarani za gia 12 ukija kubadilisha. Beringi ziwe za namba za kawaida kama 6902, unazoweza kupata kwenye duka lolote la beringi mjini badala ya kungoja mzigo kutoka ng'ambo. Spoki 20 mbele na 24 nyuma zinakutosha kwa kilo 79. Nati za spoki ziwe nje ya rimu, si zile zilizofichwa ndani, ili fundi anyooshe gurudumu bila kuvua tairi.

Kuna njia ya tatu hukuniuliza, na kwa maoni yangu ndiyo bora kwa anayeshuka Iten mara kwa mara: magurudumu yenye ukanda wa breki wa alumini. Shimano waliunganisha alumini na tabaka la kaboni kwenye Dura-Ace C24 na C35. HED Jet ni alumini iliyofunikwa ganda la kaboni kwa ajili ya upepo. Ukiipata C24 iliyotunzwa, nunua bila wasiwasi mwingi, pima tu kama ukuta haujalika. Au alumini tupu iliyo nzuri, kama Campagnolo Zonda, ambayo jozi yake ni gramu 1,540 hivi, nyepesi kuliko klincha nyingi za kaboni za kina kirefu. Itashika breki kwenye mvua ya Kericho na haitajali mbuzi wa Tambach.

Ukishaamua za 38, ziagize zikiwa na spoki nne za akiba za kila urefu, kwa sababu za mbele, za nyuma kushoto na za nyuma kulia hazilingani, na maduka ya hapa yamejaa spoki za Black Mamba, si zile bapa. Andika urefu wa kila moja kwenye karatasi na uibandike ndani ya boksi. Mwambie muuzaji akupe bei iliyojumlisha VAT ya asilimia 16 na ushuru mwingine, la sivyo utaambiwa habari nyingine mzigo ukifika. Na tuma kwangu picha ya kalipa zako pamoja na kipimo cha uwazi wake kabla ya kulipa. Rimu ya milimita 28 isiyoingia kwenye kalipa haina dhamana inayoirudisha China.